Tumbo Kujaa na Kushiba Haraka: Fuata Dalili Upate Chanzo

Mtu akisumbuliwa na tumbo husema ana gesi, hununua dawa ya gesi, hupata nafuu ya siku mbili, kisha mambo yanarudi palepale. Mara nyingi ni kwa sababu shida mbili tofauti zimewekwa kwenye kapu moja. Ya kwanza ni tumbo kujaa: linakaza, linavimba, nguo za asubuhi zinabana jioni. Ya pili ni kushiba haraka: unakaa kula ukiwa na njaa ya kweli, vijiko vichache tu unahisi chakula kimefika kifuani, na kilichobaki kwenye sahani hakipiti.

Zinaweza kuja pamoja, lakini hazichukuliwi kwa uzito mmoja. Anayejaa jioni huku anakula vizuri na uzito wake haujabadilika ana nafasi ya kujaribu mambo kadhaa nyumbani. Aliyeshindwa kumaliza chakula chake cha kawaida kwa wiki tatu mfululizo asiendelee kubadilisha dawa za dukani. Huyo anahitaji kupimwa.

Kwanza hakikisha hauko kwenye hatari

Nenda hospitali leo, usisubiri kesho, ukiona lolote kati ya haya:

- Tumbo limevimba, unatapika, na hupati choo wala hutoi upepo. Utumbo unaweza kuwa umeziba.
- Maumivu makali yasiyopoa, au tumbo limekuwa gumu na halitaki kuguswa.
- Unatapika damu au matapishi ya rangi ya kahawia iliyokolea, au choo ni cheusi ti, kinanata na kina harufu kali isiyo ya kawaida. (Vidonge vya madini ya chuma pia hufanya choo kiwe cheusi, ila hakinati namna hiyo. Ukiwa na shaka, nenda.)
- Homa pamoja na macho ya njano, au homa kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini ambaye tumbo lake limejaa maji.
- Hali ya kujaa juu ya tumbo inayokujia ukitembea au ukipanda ngazi na kupungua ukipumzika, hasa ikiambatana na jasho au kukosa pumzi. Moyo wenye shida huweza kujitokeza kama tumbo lililojaa, na watu hupoteza saa muhimu wakinywa dawa ya kiungulia.

Kuna pia dalili ambazo si za kukimbizwa usiku, lakini zisikae zaidi ya wiki moja au mbili bila daktari: kupungua uzito bila kukusudia (kwa mtu mzima, kupoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12 si jambo la kupuuza), chakula kukwama wakati wa kumeza, kutapika mara kwa mara, upungufu wa damu, uvimbe unaoshikika kwa mkono, mzazi au ndugu wa kuzaliwa naye aliyewahi kuugua saratani ya tumbo, na shida iliyoanza kwa mara ya kwanza ukiwa umeshavuka miaka 55 au 60.

Andika kwa siku saba kabla ya kubadilisha chochote

Daftari litakusaidia kuliko dawa ya kwanza utakayopewa. Andika saa uliyokula, ulichokula, saa tumbo lilipojaa, umepata choo au la na kilikuwaje, na kila dawa uliyomeza. Chukua futi ya fundi cherehani, jipime kiuno usawa wa kitovu asubuhi kabla ya kula na tena usiku, ukiwa umesimama na umetoa pumzi taratibu. Wapo wanaohisi wamejaa lakini kipimo hakibadiliki. Hao hisia za utumbo wao zimekuwa kali, na kuhangaika kupunguza gesi hakutawasaidia sana.

Saa ndiyo itakayokupa fununu ya kwanza. Kujaa ukiwa bado unakula kunaelekeza kwenye hewa uliyomeza au tumbo lisilolegea kupokea chakula. Kujaa kati ya nusu saa na saa mbili baada ya maziwa kunaelekeza kwenye sukari ya maziwa. Kujaa saa nyingi baadaye, kukiongezeka kadiri siku inavyokwenda, kunaelekeza utumbo mpana. Kujaa kusikopungua hata ukiamka asubuhi si tabia ya gesi.

Dalili: unabeua na kujaa mara tu unapokula

Sababu ya kawaida kabisa ni hewa inayomezwa. Inaingia kwa kula harakaharaka, kutafuna chingamu, vinywaji vyenye gesi, kunywa kwa mrija, kuvuta sigara, na meno ya bandia yasiyokaa vizuri. Acha vyote hivyo kwa wiki moja na mlo uchukue angalau dakika 20. Ikiwa hiyo ndiyo sababu, mabadiliko utayaona mapema.

Inayofuata ni kiungulia. Asidi ikipanda, mtu humeza mate mara kwa mara, na kila funda huteremka na hewa yake. Hapa utatibu kiungulia, na kubeua kutapungua chenyewe.

Kuna aina ya tatu ambayo wengi hawaijui. Jitazame kwenye kioo unapobeua mfululizo. Kama kabla ya kila mbeuo shingo inakaza, kidevu kinasogea na hewa inaingia kwanza ndipo inatoka, basi hewa hiyo haikutoka tumboni hata kidogo. Imeishia kwenye koo la chakula na kurudi. Ni mazoea ya misuli, na wasiwasi huyazidisha. Fungua mdomo kidogo, vuta pumzi taratibu kwa tumbo, endelea hivyo dakika kadhaa. Mibeuo ikipungua, umeshapata jibu, na mazoezi hayohayo ndiyo tiba.

Tahadhari kuhusu magadi ya kuokea yaliyoyeyushwa kwenye maji: yakikutana na asidi ya tumbo hutengeneza gesi ya kaboni dayoksaidi. Mbeuo mkubwa unaofuata humfanya mtu aamini dawa imetoa gesi, kumbe gesi hiyo imetengenezwa na dawa yenyewe. Tena yana chumvi nyingi ya sodiamu, na hayamfai mwenye shinikizo la damu, moyo au figo.

Dalili: asubuhi tumbo liko tambarare, jioni limejaa

Anza na choo, hata kama una uhakika choo chako hakina tatizo. Kufunga choo ndiko chanzo kinachosahaulika zaidi. Mtu anaweza kwenda kila siku na bado akawa anaacha sehemu kubwa ndani. Jiulize: kinatoka vipandevipande vigumu? Unajikamua? Ukisimama unahisi hakijaisha? Unakwenda chini ya mara tatu kwa wiki? Jibu la ndiyo kwa maswali mawili tu linatosha kukufanya uanzie hapa.

Angalia dawa zako kabla ya kuangalia chakula. Vidonge vya chuma, kodeini, tramadoli, amitriptilini, na dawa za asidi zenye alumini au kalsiamu hufunga choo. Usizikatishe mwenyewe; mwambie aliyekuandikia.

Kisha panga utaratibu. Utumbo mpana husukuma kwa nguvu zaidi baada ya kula, hasa mlo wa kwanza wa siku, kwa hiyo nenda chooni wakati huo bila haraka. Kwenye choo cha kukaa weka miguu juu ya kistuli ili magoti yapite usawa wa nyonga. Kunywa maji ya kutosha. Nyuzinyuzi ongeza kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Wengi hukosea hapa: mtu aliyefunga choo akianza ghafla kula pumba za ngano na majani ya maboga kila mlo, anajaa maradufu, kwa kuwa bakteria wanapata malighafi mpya huku njia ya kutokea imefungwa. Legeza choo kwanza. Dawa ya choo iitwayo makrogoli hulegeza bila kuleta gesi nyingi. Laktulosi hulegeza pia, lakini yenyewe huchachishwa na bakteria, na watu wanaosumbuliwa na kujaa huichukia kwa haki kabisa.

Choo kikiwa sawa na tumbo bado linajaa, ndipo uhamie kwenye chakula. Maziwa ni ya kwanza, kwa sababu takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani uwezo wao wa kumeng'enya sukari ya maziwa umepungua baada ya utotoni. Acha maziwa wiki mbili, kisha kunywa glasi moja asubuhi peke yake na uangalie saa tatu zinazofuata. Jaribio lisilo na hatua hiyo ya kurudisha halikufundishi kitu. Baada ya maziwa fuatilia jamii ya kunde, vitunguu maji na vitunguu saumu, ngano, tufaha, na peremende au chingamu "zisizo na sukari", ambazo hutiwa sobitoli au zailitoli. Vyote hivi vina wanga mfupi unaochachuka haraka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, ndio waliopanga mlo unaopunguza wanga huo kwa mpangilio: kuacha kwa wiki 2 hadi 6, kurudisha kimoja kimoja, kisha kubaki na marufuku chache zinazokuhusu wewe. Wanaokwama kwenye hatua ya kwanza kwa miezi huishia kula vyakula vitano tu na kudhoofika. Mtoto, mjamzito na aliyepungua uzito wasiuanze bila mtaalamu wa lishe.

Usiache ngano kabla ya kupimwa damu ya ugonjwa wa siliaki, ambapo protini ya ngano huufanya mwili uumize utumbo wake mwembamba. Ukiiacha wiki kadhaa, kipimo kinaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo.

Ikiwa kuna kuharisha, choo chenye mafuta kinachonuka sana, au mbeuo wenye harufu ya mayai yaliyooza, fikiria vimelea viitwavyo giardia. Kipimo cha choo cha siku moja kinaweza kuvikosa, maana havitoki kila siku. Peleka sampuli za siku tofauti.

Na kuna jambo moja ambalo nadhani lingewaokoa watu wengi dhidi ya dawa zisizo na maana. Katika baadhi ya wanaovimba kabisa mpaka wanaonekana wajawazito, picha zimeonyesha kiasi cha gesi ndani ya utumbo si kikubwa. Kinachotokea ni kwamba kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kinashuka badala ya kupanda, na misuli ya mbele ya tumbo inalegea, kwa hiyo kila kilichomo kinasukumwa mbele. Lala chali, mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. Vuta pumzi polepole mkono wa tumboni uinuke, wa kifuani utulie. Toa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, ukiacha mbavu zishuke. Dakika tano baada ya kila mlo, kwa wiki kadhaa. Haifanyi kazi siku ya kwanza, na wanaoiacha siku ya tatu huikosa faida yake.

Dalili: vijiko vichache, umeshiba

Tumbo tupu, yaani mfuko wa chakula, halina nafasi kubwa. Ni chini ya mililita 100 hivi. Unapoanza kula, sehemu yake ya juu hulegea kabla hata chakula hakijawa kingi, na mfuko huo hupokea lita nzima au zaidi bila wewe kuhisi msukumo. Kisha sehemu ya chini husaga na kusukuma kidogokidogo kwenye utumbo mwembamba. Kushiba haraka hutokea sehemu ya juu isipolegea, ya chini isiposukuma, ukuta ukiwa na kidonda au uvimbe, au kitu kikibana tumbo kutoka nje. Kutoka ulipo huwezi kujua ni lipi, na ndiyo maana dalili hii haikai sana mikononi mwa mgonjwa.

Kinachopatikana mara nyingi zaidi ni tumbo lenye umbo zima lakini utendaji wake umevurugika. Vigezo vya Roma IV vya mwaka 2016, ambavyo madaktari hutumia kuitambua hali hii, vinataka kujaa au kushiba haraka kuwepo angalau siku 3 kwa wiki, kwa miezi 3, kukiwa kulianza si chini ya miezi 6 iliyopita, na vipimo pamoja na kamera ya tumbo (mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni) visionyeshe ugonjwa unaoeleza hali hiyo. Sharti hilo la mwisho ndilo zito. Hakuna anayeweza kujipa jibu hili mwenyewe nyumbani.

Kinachofuata ni bakteria wa Helicobacter pylori na vidonda vya tumbo. Barry Marshall na Robin Warren waliwatambua bakteria hao Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Omba kipimo cha pumzi au cha choo. Kile cha damu kinachotafuta kingamwili hakitofautishi maambukizi ya sasa na yale yaliyokwisha, na kuna watu wametibiwa mara mbili au tatu kwa sababu yake. Kabla ya kupima, omeprazoli na dawa za kundi lake za kupunguza asidi zisimamishwe wiki 2, antibiotiki wiki 4, kwa kukubaliana na daktari. Tiba yake huwa siku 10 hadi 14 za dawa kadhaa kwa pamoja, na kipimo kinarudiwa wiki 4 au zaidi baada ya kumaliza. Ujue mapema kwamba bakteria wanaweza kuisha na kujaa kusiishe mara moja. Kwa wengine nafuu huchukua miezi.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huweza kuchubua ukuta wa tumbo kimyakimya, hata kuutoboa, hasa kwa wazee. Anayemeza kila siku kwa ajili ya magoti au mgongo ataje hilo hata asipoulizwa. Taja pia sindano za kisukari na kupunguza uzito kama semaglutidi, ambazo kazi yake mojawapo ni kuchelewesha chakula tumboni, dawa za maumivu za kundi la afyuni, na metformini.

Nadra zaidi ni tumbo lililopooza, ambalo husukuma chakula kwa uvivu. Mwenye kisukari cha miaka mingi yuko kwenye hatari zaidi. Kidokezo chake ni kutapika chakula ulichokula saa nyingi kabla, bado kikitambulika. Kamera hutangulia ili kuhakikisha hakuna kizuizi, kisha mgonjwa hula mlo uliowekewa alama ya mionzi hafifu. Ikibaki zaidi ya asilimia 10 baada ya saa 4, tumbo linachelewa. Huyu anapewa ushauri ulio kinyume cha yule aliyefunga choo: milo midogo, mafuta kidogo, nyuzinyuzi chache, vyakula vilivyopondwa au vya majimaji. Ndiyo maana kumpa jirani orodha yako ya vyakula kunaweza kumzidishia. Metoklopramidi husaidia, lakini isizidi wiki 12, kwa kuwa inaweza kuleta mitikisiko ya misuli isiyoisha. Domperidoni inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Zote mbili si za kujinunulia.

Onyo kwa anayetumia insulini: ukishindwa kumaliza chakula baada ya kujichoma, sukari itashuka. Pima, na upange upya dozi na daktari wako siku hiyohiyo.

Mwisho kabisa, lakini ndicho kinachofanya yote haya yachunguzwe mapema, ni saratani ya tumbo au kizuizi kwenye mlango wake wa chini. Huanza kimya. Kushiba haraka kunakoongezeka wiki hadi wiki pamoja na uzito kushuka kunataka kamera ya tumbo, na omeprazoli ya miezi isimezwe kabla yake, maana hutuliza dalili na kuchelewesha jibu.

Dalili: tumbo kubwa muda wote, halishuki hata asubuhi

Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apime mimba kwanza. Baada ya hapo, jambo la kutofautisha ni hewa, maji na uvimbe.

Lala chali, gongagonga tumbo kwa ncha ya kidole kuanzia kitovuni kwenda ubavuni. Penye hewa panalia kwa mwangwi. Penye maji sauti inakufa. Sauti ikifa ubavuni, geukia upande wa pili, subiri nusu dakika, gonga tena palepale. Ikiwa sasa panalia, maji yamehama. Daktari hufanya hivyohivyo kabla ya ultrasaundi. Maji machache hayasikiki, kwa hiyo kutosikia si uthibitisho kwamba hayapo. Miguu kuvimba, macho ya njano au historia ya homa ya ini inatosha kukupeleka hospitali.

Uzito chini ya mbavu za kushoto pamoja na kushiba haraka unaweza kuwa wengu uliovimba ukibana tumbo. Malaria ya kujirudia, kichocho cha ini na magonjwa ya damu huukuza. Usiuminyeminye, na usikubali mtu akukande tumbo. Wengu uliovimba huweza kupasuka kirahisi.

Kwa wanawake, hasa waliovuka miaka 50, tumbo kujaa karibu kila siku, kushiba haraka, maumivu ya nyonga na kwenda haja ndogo mara kwa mara huweza kuwa dalili za saratani ya ovari, na zichukuliwe hivyo mpaka ithibitike vinginevyo. Huchunguzwa kwa kipimo cha damu cha CA-125 na ultrasaundi. Utumbo nyeti (IBS), yaani utumbo unaosumbua bila ugonjwa unaoonekana kwenye vipimo, kuanza kwa mara ya kwanza katika umri huo ni nadra, kwa hiyo ukiambiwa "ni gesi tu" bila kupimwa, omba ultrasaundi kwa jina lake.

Ukifika kwa daktari

Mpe daftari, vipimo vya kiuno, uzito wa sasa na wa miezi sita iliyopita, na dawa zote zikiwa kwenye mfuko, za asili zikiwemo. Anza na sentensi iliyo wazi: "Nilikuwa namaliza sahani nzima, sasa naishia nusu, tangu mwezi fulani." Hiyo inabeba zaidi ya "tumbo linanisumbua."

Ukiandikiwa omeprazoli, imeze dakika 30 hivi kabla ya kula, kwa wiki 4 hadi 8, kisha muangalie na daktari kama imesaidia. Kamera ikitoka safi, usiondoke bila mpango. Zipo dawa kwa dozi ndogo, kama amitriptilini kwa maumivu au mitazapini kwa anayeshiba haraka na kukonda, ambazo hutuliza mishipa ya fahamu ya tumbo. Kuandikiwa hizo hakumaanishi unafikiriwa kuwa unajitungia ugonjwa. Uliza pia tarehe ya kurudi, na urudi kabla yake ikiwa uzito utaendelea kushuka, utaanza kutapika, au kiasi unachoweza kula kitapungua tena.